Siku Mzungu wa Ukoo Wetu Alipopikiwa Bamia

Enzi zetu, sie tuliozaliwa Temeke wakati nyumba zikiezekwa makuti na madebe, mtoto alikuwa hajajua kupenga kamasi lakini anajua babu wa babu yake aliitwa nani. Wala hakusifiwa kwa hilo. Ilikuwa sawa na kujua choo kiko upande gani. Ukitumwa chumvi nyumba ya nne, mtu mzima akikusimamisha njiani hakuulizi unaitwa nani. Anauliza wewe wa nani, na huyo wa nani, na huyo naye wa nani, mpaka mfike kwa mtu anayemjua, ndipo akuachie uende zako. Chumvi ilikuwa inafika nyumbani mboga imeshaliwa.

Mie nilifundishwa majina na bibi mzaa baba, Bibi Tatu binti Shomari. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, ananukia karafuu na tumbaku ya kunusa. Alikuwaga anasuka ukili wa mikeka pale ukumbini, na sie wajukuu wa kike tumenyoosha miguu, kila mmoja na miyaa yake. Kila ukichomeka muwaa mpya unataja jina. Mie naanza na langu: Mwajuma binti Omari, bin Kondo, bin Mwinyikambi, bin Dihenga, bin Seliemani. Ukikosea, unafumua. Binamu yangu Havijawa alifumua mpaka akaolewa hajamaliza mkeka mmoja, na mume wake akaambiwa avumilie, atalala kwenye gunia. Tukimaliza majina ya kuumeni tunaingia ya kikeni, halafu ya majirani, maana Bibi alisema siku moja mtayahitaji. Tulidhani anatutisha ili tusitoroke kwenda kucheza rede.

Tukitoroka, tulicheza. Rede, mdako, kombolela, na kuteleza kwenye ule mteremko wa udongo mwekundu mpaka nguo zinachanika nyuma. Tulikula mihogo ya nazi, mchicha, kisamvu, dagaa, na maandazi ya Bi Mwamini yaliyokuwa magumu kiasi kwamba ukimpiga nalo mwenzio analia. Lakini nyumba yetu ilikuwa na vitu viwili ambavyo havikuwa kwenye nyumba nyingine yoyote ya Wazaramo mtaani pale: jina la Makindro, na mwiko wa bamia.

Jina lilitoka kwa babu yangu Kondo. Babu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa Uskoti, Bwana Makindro, zama za Mwingereza. Watu wakamwita Kondo wa Makindro, kama mwenzake alivyoitwa Juma wa Bandari, na baba yangu alipokwenda kuandikishwa, karani akaandika hivyohivyo, likakaa. Bibi Tatu hakutuficha. Alisema, "Msijidanganye. Makindro si babu yenu. Makindro ni jiko."

Mwiko nao ulitoka kulekule. Bwana Makindro alikuwa hawezi kuona bamia. Ule mlenda wake ulimgeuza tumbo. Siku ya kwanza aliyoandaliwa aliinuka mezani akaenda kukaa ndani ya gari mpaka zilipotolewa. Babu akapiga bamia marufuku jikoni kwa Bwana, halafu, sijui ilikuwaje, akapiga marufuku na nyumbani kwake. Kufika zamu yetu ilishakuwa sheria: sie wakina Makindro hatuli bamia, ukila unatoka vipele mgongo mzima. Pwani hii, nyumba isiyokula bamia. Wageni walikuwa wanatutazama kama watu wasiokunywa maji.

Nilijaribu mara moja. Nilikuwa darasa la pili, na darasa la tatu ndilo nililoishia. Rafiki yangu Stara, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwao walipika bamia za nazi na nyanya chungu, harufu ikaruka ua. Nikala sahani nzima. Baada ya hapo nikakaa siku tatu nimevaa gauni mbili nikisubiri vipele. Siku ya nne nikamwomba Stara anikague mgongo. Akakuta kijipele kimoja cha joto. Tulilia wote wawili, tukijua ndio mwanzo. Sikugusa tena bamia mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye binti wa kuozesha, na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize.

Nilimzaa binti mmoja tu, Zuhura. Baba yake alikwenda Mtwara kutafuta maisha, nadhani mpaka leo anayatafuta. Kwa hiyo Zuhura akaandikishwa shule kwa jina la baba yangu, Zuhura Omari Makindro, nami nikamlea kwa kuuza vitumbua.

Ikaja ile miaka ya kufunguliwa milango. Nyie wa rika langu mnaikumbuka. Jana tulikuwa kwenye foleni ya sabuni tumeshikana viuno, leo duka la kona lina sabuni za rangi sita na hakuna anayejua ipi ya kuogea na ipi ya kufulia. Mitumba ikamwagika, mzee mzima anakwenda msikitini na fulana yenye picha ya bata amevaa kofia. Kila baraza likawa genge. Na Wazungu waliokuwa hawaonekani mitaa yetu wakaanza kuja, mmoja na mtaji, mwingine na kamera, na mmoja akaja na karatasi.

Kabla hajaja mwenyewe ilikuja barua, kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Sefu. Balozi hakujua Kiingereza, akamwita Mwalimu Benedikto, Mhaya mmoja mpole aliyefundisha shule ya msingi, akaisoma mbele ya watu barazani. Ilisema: mimi ni Aleki Makindro wa Uskoti, mstaafu, natafuta asili ya jina la ukoo wangu. Mmoja wetu aliwahi kuishi Dar es Salaam. Nasikia huko wapo watu wenye jina hilo. Nitafurahi kuwaona ndugu zangu.

Barua ilisomwa Jumatatu. Kufika Ijumaa mtaa ulikuwa na wakina Makindro arobaini na moja. Muuza mkaa alikuwa Makindro. Fundi baiskeli alikuwa Makindro wa upande wa mama. Balozi Sefu mwenyewe, ambaye ukoo wake naujua mpaka mtu wa saba, alinivuta pembeni akaniambia kwa upole, "Mama Zuhura, nimefikiria sana, nadhani na mie nina kitu cha Kimakindro hapa kwenye pua."

Mie sikuwa na nafasi ya kucheka. Zuhura alikuwa ameshaposwa. Kijana alitoka Mwananyamala, Rashidi Hamisi, fundi redio, mstaarabu, ukimpa kiti anakifuta kwanza ndipo akupishe wewe ukae. Zuhura alimpenda mpaka akawa hasikii anapoitwa. Zilibaki siku kumi na mbili. Mwali ameshawekwa ndani, anasingwa kwa liwa, na somo wake alikuwa yuleyule Stara wangu wa bamia, sasa mtu mzima mwenye mwili na sauti ya kuamrisha.

Mzungu akaja Jumamosi asubuhi, ndani ya pikapu. Alikuwa mrefu, mwekundu, nywele nyeupe, na amevaa sketi ya mirabamiraba. Mtanielewa nikisema sketi haikumshangaza mtu. Wanaume wetu wanavaa msuli tangu dunia iumbwe. Kilichotutatiza ni soksi. Soksi za sufu mpaka magotini, jua lile la Temeke, na kwenye soksi amechomeka kisu kidogo. Balozi Sefu alimwuliza Mwalimu kama mgeni amekuja kuchinja, ili mbuzi aandaliwe.

Akatandaza karatasi yake uani kwangu. Ilikuwa kubwa kuliko mkeka wa watu sita, imejaa majina, mstari unatoka huku unaingia kule. Tukaikandamiza na mafiga pembe zote nne. Kuku wangu mmoja akapita juu yake polepole, akakanyaga karne nzima. Mie nilipoiona nilimpenda yule mzee pale pale. Nikasema huyu naye alikuwa na Bibi Tatu wake. Lakini katikati ya karatasi palikuwa na mahali patupu, mistari inafika inakatika. Akapagusa kwa kidole, uso ukamshuka. Mwalimu akatwambia, "Anasema amepatafuta hapa miaka tisa."

Tukiwa tumeinamia karatasi, mlango wa ua ukagongwa. Wakaingia wakwe zangu: Mzee Hamisi, baba yake Rashidi, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, na nyuma yake dada yake mkubwa, Shangazi Zainabu. Huyu Shangazi alikuwa mwanamke wa Kingoni wa Songea, mrefu, fimbo mkononi ingawa miguu ilikuwa mizima. Nikafurahi, nikajua wamesikia nina mgeni wamekuja kunisaidia.

"Karibuni wakwe zangu. Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, Mama Zuhura. Kumbe Mzungu wetu kafikia kwako."

"Mzungu wenu vipi, Shangazi? Huyu kaja kwa wakina Makindro."

Mzee Hamisi akacheka. "Ndiyo hao sasa. Sie ndio wakina Makindro wa Mwananyamala. Barua tumeletewa na balozi wetu."

Shangazi Zainabu hakucheka. Aliweka fimbo chini, akasema, "Hamisi, nyamaza. Mama Zuhura, rudia hapo."

Mtauliza ilikuwaje watu wakachumbiana bila kujua. Sie watu wa Dar jina la tatu linakaa kwenye vyeti sandukuni. Mtu ni Rashidi Hamisi, amekwisha. Nilimwuliza Mzee Hamisi jina la babu yake, nikaambiwa Faraji, nikaridhika. Mie ninayejua majina ya mtaa mzima, nilisita kuuliza jina moja la mbele ili nisionekane mdadisi kwa wakwe. Nilijilaumu hapo mpaka masikio yakawaka moto.

"Kwetu Songea," Shangazi akasema, "watu wa chibongo kimoja hawaoani. Jina moja la ukoo ni damu moja. Haijalishi mmoja kazaliwa Temeke na mwingine kazaliwa mwezini. Hebu niambie, nyumba hii mnakula bamia?"

Moyo wangu ulitaka kusema tunakula asubuhi, mchana na jioni. Balozi Sefu, kwa kiherehere cha kuwa ndugu, akanitangulia. "Hawa? Hawa bamia hawajaigusa tangu babu yao."

"Na sie hatuli," Shangazi akasema. "Tukila tunatoka vipele. Basi, yamekwisha. Watoto ni ndugu."

Kutoka dirisha la chumbani, nyuma ya pazia, tukasikia sauti ya mwali, na mwali haruhusiwi kusema mbele ya wakwe. "Mama, mie na Rashidi tumekuwa ndugu tangu saa ngapi?" Kisha tukasikia Stara anamziba mdomo.

Mzee Hamisi akajaribu. "Dada, kadi zimeshagawiwa."

"Kadi zitarudi."

Hapo nikafanya kosa langu la pili. Nikasimama nikasema ukweli. Nilikuwa nao wote, Bibi Tatu alinipa mzima. Nikasema, "Shangazi, Makindro si damu, ni kazi. Babu yangu Kondo alikuwa mpishi. Na pale uani kwa Bwana palikuwa na mtunza bustani, Mngoni, Faraji, mwenye kidole kimoja kimekatika, mkewe Bi Stumai, mtoto wao wa kwanza Yusufu alikufa kwa surua. Waligombana na babu yangu kwa sababu ya kitunguu. Huyo ndiye babu yenu. Bwana hakutaka bamia, mmoja akakatazwa kuzipika, mwingine akakatazwa kuzipanda. Wote wawili wakabeba marufuku ya Bwana wakaipeleka kwao. Ndiyo mwiko wenyewe huo."

Nilikaa nikisubiri kushukuriwa. Shangazi Zainabu alinitazama kama mtu aliyetemewa mate.

"Unamwita babu yangu mkata majani?"

"Shangazi, sijasema kwa ubaya."

"Babu yetu Makindro," akasema, sasa amegeukia kwa Mzungu, fimbo juu, "alitoka kusini kabisa na mkuki. Alivuka mto mkubwa ngao iko kichwani. Simba walimpisha." Mwalimu Benedikto akawa anatafsiri, na yule mzee wa Uskoti kalamu inakimbia, macho yamejaa machozi.

"Mwalimu, mwambie hakuna mto," nikamnong'oneza.

"Mama, nitamkatizaje? Ameshauandika mto."

Mzungu naye akasema lake, nalo likanimaliza. Alisema kwao pia si wote wa damu. Chifu alikuwa na ardhi yake, na kila aliyelima pale, aliyechunga kondoo, aliyekula pale, alichukua jina la chifu, naye akahesabiwa wa ukoo. Wote wenye jina ni ndugu, mpishi na mtunza bustani wote ndani. Alisema kwa upendo kabisa, amefungua mikono.

"Mmemsikia mwenye ukoo," Shangazi akasema. "Wote ndani." Akaokota mkoba wake.

Nyie, mie nimezaa, nimezika, nimeachwa. Lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kuuona ule mkoba ukiokotwa. Ukitoka mlangoni na mkoba ule, Zuhura wangu anabaki mwanamke aliyesingwa, akapakwa hina, halafu akaachwa ndani. Mtaa wetu ungelisema jambo hilo mpaka nywele zake ziote mvi.

Nikasema, "Shangazi, subiri. Huyu mgeni ndiye shina, au siyo? Kama mwiko ni wa damu, upo kwake kabla ya kuwa kwetu. Apikiwe bamia. Akizikataa, nazirudisha posa zenu mwenyewe na kuwaomba radhi. Akizila, basi mwiko ulikuwa wa yule Bwana na tumbo lake tu."

Shangazi akafikiria. Alikuwa mkali, lakini alikuwa mtu wa haki. Akakaa. "Apikiwe. Na asiambiwe."

Nyumba yangu haikuwa na mtu anayejua kuzipika wala sufuria iliyowahi kuzipikia. Stara akatoka chumbani, akaleta sufuria yake, akazikatakata, akazipika na nazi, nyanya chungu na pilipili, harufu ileile ya kwao. Mwalimu Benedikto akakatazwa hata kukonyeza. Tukamwekea mgeni sahani na wali. Wakina Makindro wote arobaini na moja wakasogea, watoto wakapanda ukuta. Yule mzee akashangaa, akadhani ndiyo desturi yetu kumtazama mgeni akila, akatabasamu.

Akala tonge la kwanza. Uzi wa mlenda ukatoka kwenye sahani mpaka kidevuni, ukakatika. Tukashusha pumzi. Akala la pili. Akala mpaka akapangusa sahani kwa kidole, akamwambia Mwalimu jambo.

"Anauliza kama zipo nyingine," Mwalimu akasema.

Nilitaka kucheza. Nilishaanza kunyanyua khanga. Shangazi Zainabu akainuka taratibu, akamtazama mgeni kwa huruma ya kweli.

"Mwalimu, mpe pole mgeni wetu. Mwambie amesafiri mbali bure. Huyu si Makindro."

Mwalimu alikataa. Akasukumwa, akatafsiri. Yule mzee mwekundu akawa mweupe. Akaketi kwenye mkeka, soksi zake mbele, akawa anatazama pale mahali patupu kwenye karatasi, na kumbe hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi miaka tisa, kwamba huenda yeye si wao. Watu wakamzunguka. Muuza mkaa, ambaye hakuwa Makindro hata kidogo, akampigapiga mgongo akamwambia azoee tu.

Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, kwa kupitia kwa Mwalimu, ninachokijua juu ya yule Bwana wa babu: mkewe aliitwa Mem Agnesi, alipenda kuimba akioga, na mbwa wao, mweupe mwenye sikio moja jeusi, aliitwa Hektori. Mzungu akaruka. Akafungua begi, akatoa barua ya zamani sana, akaonyesha kwa kidole. Jina la mbwa lilikuwemo. Barua iliandikwa kwa bibi yake na mtu asiyejulikana ni nani, sasa amejulikana. Alilia kama mtoto. Kwa furaha akaandika pale patupu jina la Bwana, la Mem Agnesi, na mwisho akaandika na la Hektori.

"Na huyo mbwa alikuwa anakula bamia?" Shangazi akauliza. Watu wakacheka. Akasema hayo Mzungu atayajua mwenyewe huko kwao.

Ni katika kucheka kule ndipo nikauona mlango. Nilikuwa naupita mchana kutwa.

"Shangazi, hebu tuelewane," nikasema. "Aliyekula bamia si Makindro?"

"Si Makindro."

"Hata kama jina liko kwenye vyeti?"

"Vyeti vinaandikwa na watu."

"Stara, nipakulie."

Nikakaa chini, nikanawa. Nilikuwa nalitupa jina la baba yangu, na la babu yangu aliyesimama jikoni kwa mtu miaka yote ile, mbele ya mtaa mzima, kwa sahani moja ya mboga. Nilitegemea zitanikaba. Hazikunikaba. Zilikuwa tamu, na ni utamu huo ulionitoa machozi, maana nilifikiria miaka yote niliyopita mbali na chungu cha wenzangu. Nikamaliza, nikalamba vidole.

Shangazi akatikisa kichwa. "Mama ametoka. Mtoto bado."

Mwali haonekani, kwa hiyo sahani ikapita mlangoni mikononi mwa Stara, pazia likafungwa. Tukasubiri. Mzee Hamisi alikuwa anavuta uradi kwa kasi isiyo ya kawaida. Hatimaye Stara akatoka na sahani nyeupe, safi, kama imeoshwa.

Shangazi akaipokea, akaigeuza, akainusa. "Tutajuaje kama hakulishwa paka?"

"Shangazi," Stara akasema, bila kupepesa, "paka wa nyumba hii naye ni Makindro."

Alianza Mzee Hamisi, akafuata Balozi, na mwisho yule mama wa Songea mwenyewe akacheka mpaka fimbo ikamdondoka. Akaita kwa sauti kuelekea dirishani, "Mkwe wangu, hongera. Umekuwa mtu baki." Chumbani Zuhura akapiga kigelegele, na mwali haruhusiwi kupiga kigelegele.

Mzee Aleki, aliyekuwa ameshatuandika kwenye karatasi yake, akaniomba radhi kabla ya kunipiga mstari. Nilimwonyesha mwenyewe pa kupitisha kalamu, juu ya Mwajuma na juu ya Zuhura. Karatasi ile sasa iko Uskoti, na ndani yake yumo shujaa wa Kingoni aliyevuka mto na ngao kichwani, yumo na mbwa Hektori. Mie simo.

Harusi ilifanyika siku yake, pilau lilitosha, na Zuhura akahamia Mwananyamala kuwa mke wa Makindro. Ndiyo, alilitupa jina asubuhi akalirudia jioni kwa mlango wa mume. Wajukuu zangu watano wote ni Makindro, na Shangazi Zainabu aliwalinda na bamia kama mtu anavyomlinda mtoto na kisima.

Shangazi ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, ndiyo maana sasa naweza kuandika. Baada ya arobaini yake Zuhura alikuja kwangu na Stara, wanasukumana mlangoni kama wasichana.

"Mama," Zuhura akasema, "ile sahani sikula. Nilishindwa, nilikuwa naogopa vipele siku ya harusi."

"Alikuwa amebana meno," Stara akasema. "Ningefanyaje? Nikazila mie. Na mwenzio nilikuwa nimeshakula kwangu."

Kwa hesabu ya marehemu, basi, Makindro amelala na Makindro miaka yote hii, na hakuna aliyetoka hata kipele. Tulicheka mpaka Stara akaomba maji.

Siku hizi hayo hayapo. Nasikia mtu anatema mate kwenye kichupa, anapeleka Ulaya, anarudishiwa ukoo wake kwenye simu. Wajukuu zangu wananiambia, Bibi, tukufanyie na wewe, nami nawajibu kwamba mate yangu nayahitaji kwa kuwataja watu ninaowajua. Ukimwuliza kijana wa leo babu wa babu yake ni nani, anakutazama kama umemdai.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Nasra, mtoto wa mwisho wa Zuhura, kaniletea mchumba. Kijana msafi, nywele amezipaka rangi ya ndizi mbivu. Nikamwuliza Nasra anaitwa nani. Dula. Dula wa nani? Akasema, "Bibi, wa kwao." Nikasema basi waje watu wake tukae. Nikatandika mikeka, nikaazima viti, nikakaa tayari na majina yangu yote kichwani. Dula akaja peke yake. Akasema shikamoo vizuri, akanywa soda moja, akashukuru, akaondoka, na Nasra akaniambia mambo yamekwisha, ndoa ni mwezi ujao.

Nikamtazama yule mtoto anavyofurahi, nikamhurumia. Anaolewa, na dunia nzima hakuna hata mtu mmoja wa kumkatalia.